Ngoma Inayoitikia

Srrr. Hivyo tu, kama mtu anayemimina mchele kwenye sinia halafu akashtuka akaacha. Sauti hiyo ilitoka stoo yetu ya mbao, ile ya nyuma ya jikoni, na ilitoka bila mtu yeyote kuwa ndani. Lori la mawe likipanda barabara ya Githongo, srrr. Ng'ombe wa jirani akilia kwa hasira, srrr. Na Baba akicheka ndani ya nyumba, na Baba alicheka kama mtu anayefukuza kunguru shambani, stoo ilimjibu. Nikiwa mdogo nilidhani kila boma lina stoo ya kucheka nayo.

Ilikuwa ngoma. Ngoma ndogo ya duara, pana kama sinia, yenye nyaya nyembamba zilizolala chini yake. Iliishi kwenye rafu karibu na dirisha, na ndiyo pekee Baba aliyotukataza kugusa. Wenzake hawakuwa na bahati hiyo. Ile kubwa inayopigwa kwa mguu haikuwa na ngozi upande mmoja, na kuku walitagia humo. Ile ndefu yenye miguu mitatu Mama aliitia mbegu za mahindi, kwa sababu panya hupanda ukuta, hupanda gunia, lakini mguu wa chuma unamshinda. Kulikuwa na nyingine ya katikati iliyokaliwa na misumari na kamba. Na visahani vya shaba, ambavyo kanisani tunaviita matoazi, vilikuwa ndani ya gunia la mbolea, vyeusi kama sufuria ya msibani.

Baba alizipiga ujana wake katika hoteli moja ya Makutano, wakiwa watu wanne. Mama alikuwa jikoni kwa hoteli hiyo hiyo, akikaanga viazi. Bendi ilivunjika kabla mimi sijazaliwa, Baba akarudi Githongo kwa kahawa ya babake, akazibeba ngoma na mpishi pamoja. Hivyo ndivyo alivyokuwa akisema, na Mama alikuwa akimrushia kitambaa cha kupangusia vyombo.

Baba alikuwa Mmeru, Mama ni Mwembu, na hapo kuna neno. Kwa Kiswahili, ngoma ni ngoma, kitu cha kupigwa. Kwa Kiembu, ngoma ni roho za waliokufa. Sisi Wameru tunasema nkoma, si mbali. Basi mgeni akisikia ile srrr akauliza, "Ni nini hiyo?", Baba alijibu kwa Kiswahili, "Ni ngoma zangu," na Mama akarudia jibu hilo hilo kwa Kiembu, bila kucheka, akimwangalia mgeni machoni. Mgeni alimaliza chai haraka. Utani huo waliutumia miaka yote ya ndoa na haukuwahi kuwaishia ladha.

Kabla Baba hajafa alisema mbele yetu wote: kahawa ni ya kaka yangu, ngoma ni za msichana. Kaka alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu mimi ni mtu wa kuota. Shule niliiacha kidato cha pili, lakini kuota hakuulizwi cheti.

Ndoto yangu ilikuwa oveni. Naoka keki tangu nikiwa na miaka kumi na tano, kwa sufuria, makaa chini na makaa juu ya kifuniko, na watu wa harusi wa huku wanazijua. Lakini sufuria inatoa keki moja, na harusi inataka saba. Makutano kuna duka lenye oveni ya gesi ya ngazi mbili, na kila nikienda mjini nilikuwa napita kuifungua mlango na kuufunga. Mwenye duka alishaacha kuniuliza kama nanunua. Na sokoni Githongo, karibu na posho mill ya kusaga mahindi, kulikuwa na chumba cha kukodi. Mwenye chumba, mama mmoja asiyependa maneno mengi, aliniambia: "Nakungojea mpaka mwisho wa mwezi. Baada ya hapo anaingia mtu wa mitumba. Amelia sana huyo."

Kwa hivyo ilikuwa hivi: ngoma ziwe oveni kabla ya mwisho wa mwezi, au chumba kiwe cha suruali kuukuu.

Kwenye simu nilikuta picha ya ngoma za zamani zinazofanana na zetu, zimeuzwa huko ng'ambo kwa bei ya ploti. Aki, kabla chai haijachemka nilikuwa nimeshanunua ploti, nimejenga, nimeweka maua mbele. Nikapiga picha zangu, kuku akiwa bado ndani, nikaziweka kwenye simu watu wote wazione, na maneno haya: Nauza ngoma za baba.

Sikuwa nimefikiria Embu.

Simu ya Mama ililia kuanzia saa tatu asubuhi. Dada zake, binamu zake, mama mmoja wa maombi. Nilisikia sauti ya mama mdogo mpaka nilipokuwa nikichambua mboga: "Huyo msichana wako ana nini? Anauza ngoma za marehemu? Nani hununua?" Mama alijaribu kueleza, akashindwa, halafu akaanza kucheka. Alicheka akiwa ameshika ukuta. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tumzike Baba.

Na stoo ikajibu. Srrr.

Mama mdogo aliendelea kuita "halo, halo" kwenye simu. Mama alifuta macho kwa kona ya leso, akasema polepole, "Unasikia? Bado yuko na maoni." Halafu akarudi kwa sufuria yake, na mimi kwa mboga yangu.

Mtu wa kwanza kuniambia bei alikuwa fundi wa spika pale Makutano. Nilimpelekea ngoma mbili na gunia la matoazi kwa bodaboda. Aligonga ngoma kwa kifundo cha kidole kama mtu anayenunua tikiti maji.

"Siz, hizi ni za makumbusho," akasema. "Zote, na hizo zingine kwenye picha, elfu kumi. Na hapo nakuhurumia."

"Ng'ambo zinauzwa bei ya ploti."

"Basi peleka ng'ambo. Kuna gari ya saa nane." Wenzake wakacheka. Halafu akatoa toazi moja kwenye gunia kwa vidole viwili, kama anashika panya kwa mkia. "Na hii? Nyeusi hivi? Kwenu hamwoshi vyombo?"

Hapo ndipo aliponishika. Kwetu, msichana hujulikana kwa sufuria zake. Zinaanikwa juani kwenye kichanja cha miti mbele ya jikoni, na mgeni huangalia kichanja kabla hajaangalia uso wako. Nimesifiwa kwa mambo machache maishani, na la kwanza ni kichanja changu. Nilirudi nyumbani nimechoka mgongo na moyo, lakini hata sikukaa chini. Nilichota jivu jikoni, nikakata ndimu, nikachukua waya wa kusugulia sufuria, nikaketi kwenye kigoda nje. Nilisugua kutoka chakula cha mchana mpaka ng'ombe wakaja kukamuliwa. Kulikuwa na maandishi meusi kwenye matoazi, yamefifia, nikayaona ni uchafu kama uchafu mwingine, nikayaongezea ndimu. Vidole vilinichubuka. Nilipoyaanika kichanjani pamoja na sufuria, yaliwaka mpaka jirani akauliza ng'ambo ya ua kama tumenunua kioo.

Mama alikuja akayatazama, mikono nyuma. "Sasa hizi zimekuwa za watu," akasema.

Ndipo akaniambia kuhusu mzee wa Embu. Alikuwa mpiga gitaa wa ile bendi, sasa anakaa mtaa wa Dallas, hapo hapo Embu mjini, anafundisha vijana wa kwaya na kutengeneza vyombo. "Huyo atakwambia ukweli hata kama hujauliza," Mama akasema. "Ndiyo sababu bendi ilivunjika."

Tulifukuza kuku. Tulihamisha mbegu kwenye debe. Tulitoa misumari. Mama alifunga kila kitu kwa kamba ya katani, na ile ndogo akaifunga mwisho, kwa leso yake mwenyewe, fundo mbili. "Hii ubebe mkononi," akasema. Sikushangaa. Mama hufunga hata mayai hivyo.

Nilipanda pikapu ya ndizi inayoteremka Embu, ngoma kubwa ikiwa imelala katikati ya mikungu kama mgonjwa. Dereva aliniuliza mara tatu kama ni ya kanisa. Mara ya tatu nikasema ndiyo, nilikuwa nimechoka kueleza.

Mzee alikuwa na miwani iliyofungwa kwa uzi wa viatu na suruali iliyopigwa pasi mpaka ikawa na makali. Tulipomaliza salamu na pole za msiba, swali lake la kwanza lilikuwa: "Mama yako bado anaunguza viazi?"

"Haunguzi, Mzee."

"Basi amejifunza baada yetu."

Alikataa chai mpaka amalize kazi. Aliweka ngoma zote barazani, akazizunguka bila kugusa, halafu akapiga magoti, na magoti yakalia. Kwenye ubavu wa ngoma kubwa kulikuwa na kibati kidogo cha shaba ambacho mimi nilidhani ni cha kuzibia tundu. Alikisoma kwa tochi ya simu, akasema zilitengenezwa Uingereza, akaandika namba yake kiganjani kwa kalamu. Kisha akaingiza kichwa ndani ya ngoma kabisa. Alitoka na unyoya wa kuku kwenye nywele.

"Ndani kuna alama ya penseli ya fundi aliyeijenga," akasema. "Njoo uone. Ukitaka kujua ngoma, usiulize nje. Nje hupakwa rangi."

Nikaingiza kichwa. Ilinuka kuku na mbao za zamani. Kweli kulikuwa na mwandiko mdogo, umeinama, wa mtu wa Uingereza ambaye labda alishakufa na hakujua kazi yake ingeishia Githongo kwa kutagiwa.

Alinionyesha kila kitu, na sijawahi kuwa na mwalimu mpole hivyo. Kubwa, ya katikati na ndogo zilikuwa za tumbo moja: vibati sawa, namba zinazokaribiana, skrubu za kichwa cha mraba. Ile ya miguu mitatu ilikuwa ya kambo, skrubu zake zilikuwa za aina nyingine, Baba aliichukua mahali baada ya ile ya asili kuvunjika. Zinazofuatana hupata bei, akasema, na za kambo hupata shukrani. Mimi nilikuwa natikisa kichwa tu, ploti ikirudi, maua yakirudi.

Halafu akafungua gunia la matoazi.

Matoazi yalimulika uso wake kwa chini.

"Nani ameosha?"

"Ni mimi." Nilisema kwa fahari, Mungu anisamehe.

"Kwa nini?"

"Zilikuwa chafu."

"Nauliza kwa kitu gani."

"Jivu. Na ndimu. Na waya wa sufuria."

Alivua miwani. "Mwari," akasema, yaani binti, kwa sauti ya mtu anayempa mwingine habari ya msiba, "umesugua hata jina."

Kumbe yale maandishi meusi yalikuwa jina la waliotengeneza, na weusi wenyewe ndio uzee ambao watu wa ng'ambo wanalipia. Toazi jeusi lenye jina lingenunua mlango wa ile oveni na ngazi moja. Toazi jeupe lisilo na jina ni kifuniko. Alilining'iniza moja kwa kidole, akaligusa kwa ukucha, likaimba taratibu mpaka likaisha lenyewe.

"Sauti iko," akasema. "Bei ndiyo imemwagwa na maji."

Nilitaka kulia lakini nilikuwa nimechoka hata kwa kazi hiyo. Nikasema, "Kwetu ningesifiwa."

Akaniangalia, halafu akacheka kicheko kidogo cha huruma. "Najua. Hata mama yangu angekupa mtoto wake akuoe."

Ya mwisho ilikuwa ndogo. Alifungua fundo mbili za Mama kwa subira, na alipoiona akasema "eh" peke yake, si kwangu. Hiyo ndiyo ilikuwa bei, akasema. Zingine zote zilikuwa wasindikizaji. Mimi nilikuwa karibu sana, nikapiga chafya kwa sababu ya vumbi la kuku, na ngoma ikajibu: srrr.

"Inafanya hivyo nyumbani," nikasema. "Mama anasema ni Baba."

"Ni nyaya." Alinionyesha kidude cha chuma ubavuni, kama kijiti. "Kikiwa juu, nyaya zinagusa ngozi. Sauti yoyote ikipita karibu, ngozi inatetemeka, nyaya zinasema. Kikiwa chini, zinaachana, inanyamaza." Akakishusha. Tk. "Ukisafiri, shusha. Zisijikune."

Nikapiga makofi. Kimya. Nikaita. Kimya. Sijui kwa nini nilihisi baridi.

"Mzee, hata mtu akikohoa?"

"Akikohoa, akicheka, akiita mtu kwa jina. Mradi awe karibu."

Hapo nikakumbuka kikohozi cha Mama. Tangu mazishi, kila asubuhi akitoka kukamua, Mama alikuwa anapita stoo, anasimama mlangoni, anakohoa. Mara moja, wakati mwingine mara mbili. Kisha anaenda zake na maziwa. Nilimnunulia dawa ya chupa, ile chungu. Iko dirishani mpaka leo na muhuri wake. Nilimgombeza kwamba hajijali. Yeye alinijibu tu, "Kinapungua."

Mzee alitaja bei. Zote kwa pamoja, na matoazi yangu meupe, zingetosha oveni na kodi ya miezi kadhaa ya mwanzo. Hakunipunja, nilijua, kwa sababu alitaja akiangalia sakafu kama mtu anayeona aibu kwamba si zaidi.

"Na bila hii ndogo?"

"Bila hiyo? Mwari, hapo unaniuzia gari bila usukani." Akanipa bei ya gari bila usukani. Ilikuwa chini ya nusu. Nusu ya oveni hakuna anayeuza.

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi za baraza, nikampigia Mama. Barabarani mtu alikuwa anauza maziwa kwa mtungi. Nikamwambia bei zote mbili.

"Si ni zako?" akasema. "Uza. Baba yako alikupa zifanye kazi." Kisha akaongeza: "Nilikuwa stoo sasa hivi, nafagia kinyesi cha kuku. Kumekuwa kupana."

"Ulikohoa?"

"Eh?"

"Nauliza kikohozi kinaendeleaje."

"Kimeisha," Mama akasema. "Uza, mwari. Usiogope."

Ningependa kuandika kwamba niliamua kwa moyo mkunjufu. Ukweli nilikaa pale ngazini nikihesabu keki. Niliona chumba, niliona watu wa mitumba wakining'iniza suruali mahali nilipopanga kuweka kioo cha keki. Niliona nikipuliza makaa juu ya kifuniko mwaka mwingine, moshi machoni, mbaazi zikitiwa kwenye sufuria yangu ya keki kwa sababu nyumba ni ya wote. Nilichoka kabla hayo hayajatokea. Halafu nikaingia ndani.

"Mzee, nunua gari," nikasema. "Usukani narudi nao."

Hakubishana. Alisema tu, "Nilimjua baba yako kwa kichwa hicho hicho," akatuma pesa kwa simu, akaifunga ile ndogo mwenyewe. Alijaribu kufunga fundo mbili kama za Mama, zikakataa, akafunga moja.

Nililala pale Embu kwa mama mdogo, ambaye hakutaka kifurushi kilale sebuleni, tukakiweka kwa banda la mbuzi. Kesho yake mchana nilishuka Githongo. Nilipita kwa yule mwenye chumba kumwambia asiningojee. Mtu wa mitumba alikuwa tayari mlangoni na kamba ya kupimia, kijana mwenye furaha, akanisalimia kwa mikono miwili kana kwamba nimemzaa. Nikamtakia biashara njema. Kwa pesa nilizopata ningeweza kununua oveni ndogo ya mezani, ya mitumba pia, ya keki mbili kwa mara moja. Saba toa mbili ni tano. Za harusi zitangoja kwenye makaa.

Nyumbani hakukuwa na mtu. Mama alikuwa amekwenda kuchuma kahawa kwa kaka, kikapu chake hakikuwa kwenye msumari. Stoo ilikuwa imefagiwa. Ilikuwa pana kweli. Kwenye rafu karibu na dirisha kulikuwa na duara safi katikati ya vumbi, Mama alifagia kila mahali, rafu hiyo akaiacha. Nikafungua leso, nikaiweka ngoma ndani ya duara lake. Nikafuta alama za vidole vya Mzee kwa kiganja, kwa kiganja tu, bila kitu kingine. Nikasimama hapo nikisikiliza lori la mawe likipanda barabara. Lilipita lote, na stoo haikusema neno.

Nikapapasa ubavuni mpaka nikakipata kile kijiti cha chuma, nikakisukuma juu.